Legeza Kidogo

Siku ile Glenda Tackett alikuwa anakwenda kufundisha watu kuzuia damu, na damu iliyomwagika ikawa yake. Nianzie hapo hapo, maana hapa Pruett Springs ukichelewa kusema jambo utakuta mwenzako ameshalisimulia kwa namna yake, na kanisa zima limeshaitikia amina.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa na nusu alasiri, watoto wameshapanda mabasi yao ya njano wamekwenda. Glenda ni mpishi wa shule. Ana miaka hamsini na minne, mfupi, mwenye sauti ya kuwapanga watoto mia mbili kwenye foleni ya chakula bila kuinuka kitini. Tangu shule itundike yale masanduku mekundu ukutani, karibu na mitungi ya kuzimia moto, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwafundisha walimu, madereva na wafagiaji namna ya kumfunga mtu aliyepigwa risasi asife kabla gari la wagonjwa halijafika. Alikuwa na sanduku lake la kufundishia: mapaja ya mpira yenye matundu, vitambaa vya kushindilia ndani ya tundu, na ile mikanda mipana ya kukaza mguu au mkono, yenye kijiti cha kuzungusha mpaka damu ikatike. Mwenyewe aliiita mikanda ya damu. Sanduku lilikuwa zito, kwa hiyo mumewe Dwight aliomba ruhusa mapema kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo ili ampeleke na pikapu.

Dwight ana bastola. Hiyo si habari. Wanaume wa hapa wasio na bastola wanajulikana kwa majina. Sheria ya jimbo letu haimdai mtu mzima kibali wala mafunzo: unanunua, unachomeka kiunoni, unakwenda zako. Dwight alikuwa nayo dukani, alikuwa nayo kanisani, alikuwa nayo siku ya kumzika mama mkwe wake. Mahali pamoja tu palipomkatalia ni mlango wa shule. Kwa hiyo kila alipompeleka Glenda ilimbidi aivue akiwa ndani ya pikapu, aitie kwenye kisanduku kilicho kati ya viti viwili, na akitoka aivae tena. Glenda alishamwambia, tena si mara moja, kwamba siku za shule aiache nyumbani. Dwight akajibu kuwa bastola iliyoachwa nyumbani inalinda vyombo tu. Wakacheka wote wawili, wakaendelea na maisha.

Inavyotakiwa ni kuivua pamoja na ala yake, ule mfuko wa kiunoni, bila kuigusa yenyewe. Lakini ala imefungwa kwenye mkanda wa suruali, tumbo la Dwight limekutana na usukani, na nani ana muda wa kufungua mkanda mbele ya shule. Yeye huichomoa bastola peke yake. Na siku ile alivaa koti jipya la kuwindia, lenye uzi wa mpira unaopita kwenye pindo la kiuno, na mwisho wa uzi kuna kishikizo cha plastiki. Asubuhi alipoichomeka bastola, ule uzi uliingia nayo, ukajipitisha kwenye kifyatulio. Akatembea nao hivyo mchana kutwa, akala nao, akapakia magunia nao. Alipoichomoa mbele ya shule, uzi ukakaza.

Ndani ya gari lililofungwa vioo mlio wa bastola ni kofi. Dwight alidhani kioo kimepasuka. Akageuka kumwangalia mkewe, akamkuta ameinamisha kichwa anatazama paja lake la kushoto, juu kidogo ya goti, kama mtu aliyemwagikiwa na kahawa.

Glenda ndiye aliyejua kwanza. Akasema, kwa ile sauti ya foleni ya chakula, "Dwight, sanduku. Mkanda wa damu. Sasa hivi."

Na Dwight, tumpe haki yake, hakuganda. Aliruka nje, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akauchukua mkanda. Glenda akamwelekeza: juu zaidi, juu kabisa, karibu na kinena, vuta, vuta kwa nguvu zako zote, sasa zungusha kijiti, zungusha tena. Mzunguko wa tatu Glenda akapiga ukelele ambao mwalimu wa michezo aliusikia akiwa ndani ya ukumbi, akadhani anafanya mazoezi ya somo. Damu ikakatika. Dwight aliiona inakatika kwa macho yake. Kama hadithi ingeishia hapo, yote wanayoyasema watu leo yangekuwa kweli.

Alipiga simu ya dharura. Wilaya yetu ina gari moja la wagonjwa kwa wakati huo wa siku, na wenyewe ni watu wa kujitolea. Gari lilikuwa limempeleka mzee mmoja hospitali ya mjini na ndiyo kwanza lilikuwa linarudi. Akaambiwa dakika kumi na nane.

Sasa, mkanda wa damu ukikazwa sawasawa unauma kuliko risasi. Glenda aliwaambia watu hivyo kila mwaka. Alikuwa anaigiza kabisa: anajilaza sakafuni, analia, anamshika mwalimu mkuu suruali, anamwomba kwa jina la mama yake. Ukumbi mzima unaangua kicheko. Kisha anaketi, anafuta magoti vumbi, anasema, "Atakuomba ulegeze. Atakutukana. Atakuapia kwamba mguu unakufa. Usimsikilize. Ukimpenda, usimsikilize." Dwight alilisikia somo hilo mara nne, akiwa amekaa nyuma pamoja na masanduku.

Dakika ya sita Glenda alianza kutetemeka. Meno yakagongana. Akamwambia Dwight kwamba kitu kimekosewa, si kawaida kuuma namna hii, pengine kimebana mfupa uliovunjika. Dwight akamkumbusha alivyofundisha. Glenda akamwambia asahau alivyofundisha. Akambembeleza, akamtukana, akalia, akalitaja jina la binti yao Shawna.

"Legeza kidogo," akasema. "Kidogo tu, mpenzi. Nakuomba."

Dwight alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka thelathini na mbili na hakuwahi kumsikia anaomba kitu. Akakizungusha kijiti kinyume, nusu mzunguko. Glenda akashusha pumzi, uso ukatulia, na Dwight, masikini wa Mungu, akafurahi. Akampangusa jasho kwenye paji la uso. Alipotazama chini, kiti kilikuwa kinajaa.

Alijaribu kukaza tena. Kijiti kilikuwa kimelowa, mikono imelowa, kikamponyoka mara tatu. Mwalimu wa michezo alipofika mbio ndiye aliyemsukuma pembeni akakikaza mpaka mwisho. Wakati huo Glenda alishazirai.

*

Helikopta ilimpeleka mji mkubwa. Dwight alifuata na pikapu ya mwalimu wa michezo, maana ile ya kwake ilikuwa imezungushiwa utepe wa njano wa polisi, na bastola ilikuwa imechukuliwa na askari wa sherifu ndani ya mfuko wa karatasi. Shawna, ambaye anafanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee huko mji wa jirani, alifika kabla yake, bado amevaa sare.

Daktari aliyepasua alikuwa mwanamke kijana mwenye macho yaliyochoka. Akawaeleza taratibu. Mshipa mkubwa ulikuwa umechanika, lakini ungeweza kushonwa. Ameshona mingi ya namna hiyo. Kilichowashinda ni damu. Glenda alifika na damu kidogo mno, moyo unasitasita, na kushona kunataka saa nyingi ambazo hazikuwepo. Ilibidi wachague mguu au mtu. Kisha akauliza, kalamu mkononi, kama kuna wakati wowote mkanda ulilegezwa, kwa sababu lazima aandike.

Shawna akamtazama baba yake.

"Hapana," Dwight akasema. "Nilikaza, nikashikilia."

Daktari akaandika hivyo.

Glenda alizinduka siku ya tatu. Aliambiwa na Shawna kuhusu mguu, kwa sababu Dwight alishindwa kusema akatoka nje ya chumba. Hakulia mbele ya binti yake. Alipobaki na mumewe peke yao alimuuliza swali moja tu, kama amewaambia kwamba alilegeza. Dwight akaweka uso kwenye shuka akalia mpaka muuguzi akachungulia. Glenda akaweka mkono juu ya kichwa chake. Akamwambia aache, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba, na mtu akiombwa vile na mkewe afanyeje. Hatamwambia mtu yeyote, hata Shawna. Alimaanisha, na mpaka leo hajasema.

"Ila nataka kitu kimoja," akasema. "Kimoja tu. Hiyo bastola isirudi nyumbani kwangu."

Shawna alikuwa ameshafika mlangoni na kahawa, akasikia. Dwight akashika mkono wa mkewe kwa mikono yake miwili.

"Haitarudi," akasema. "Naapa mbele za Mungu, Glenda. Haitarudi, wala sitanunua nyingine."

Glenda akafumba macho. Shawna anasema hakuwahi kumwona mama yake ameridhika namna ile, mtu aliyekatwa mguu, juu ya kitanda cha hospitali. Ndiyo maana nasema huyu mama hakuwa anataka makubwa.

*

Akarudi nyumbani wiki ya tano. Wanaume wa kanisa walikuja Jumamosi moja wakajenga njia ya mbao ya kupitisha kiti cha magurudumu, kutoka uwanjani hadi barazani, kwa siku moja, bila kudai senti. Wema wao siwezi kuukana. Walipiga misumari bastola zikiwa viunoni, Merle Scoggins akiwa msimamizi. Merle ndiye mkuu wa kikosi cha usalama cha kanisa letu, wale wanaume sita wanaokaa karibu na milango wakati wa ibada wakimtazama kila mgeni anayeingia amevaa koti refu.

Wanawake walileta chakula. Kila bakuli lilikuwa na kipande cha karatasi ya gundi chini yake chenye jina la mwenyewe, ili lirudishwe, na Glenda aliyepika kwa mikono yake chakula cha watoto wa mji huu miaka kumi na tisa akawa anakula tambi za jibini za watu wengine na kukumbuka bakuli lipi ni la nani. Choo cha ndani kilikuwa na mlango mwembamba, kiti hakipiti. Kwa hiyo walimwekea kiti cha haja sebuleni, nyuma ya shuka la maua lililotundikwa kwa kamba. Wageni walipokuwepo alijizuia. Mara moja alishindwa, mke wa mchungaji akiwa amekaa hapo hapo anasimulia habari za mjukuu wake, na mama wa watu akazidisha sauti ili mlio usisikike. Ilikuwa huruma, lakini Glenda aliona aibu iliyomkata maini.

Shule ilituma maua, kisha fomu. Kule jikoni lazima mtu asimame kwa muda wa saa tano. Mkuu wa jikoni alisema atapiga simu wakiona la kufanya, na alisema kwa upole, na hakupiga.

Lakini kilichomchosha Glenda kuliko yote ni sifa. Watu walipoingia walimkumbatia yeye kisha wakamshika Dwight mkono wakautikisa muda mrefu. Walisema kama si Dwight angekuwa kaburini. Mungu alijua, ndiyo maana akampa mume aliyejiandaa. Mwanzoni Dwight alikuwa anainamisha kichwa na kusema hapana, ilikuwa bastola yangu mwenyewe, nilifanya uzembe. Wakamkatiza, wakamwambia ajali humpata kila mtu, ila si kila mtu anayejua kukaza mkanda. Wiki ya pili alikuwa hasemi tena habari za uzembe. Wiki ya nne alikuwa anaonyesha kwa mikono jinsi alivyozungusha kijiti. Risasi ikawa kama iliyotoka angani. Kilichobaki kwenye mazungumzo ni mkanda. Merle aliagiza mikanda ya damu arobaini kwa ajili ya kanisa, na wanaume wakaanza kuivaa kiunoni upande wa kushoto, bastola upande wa kulia. Merle alisema sasa ndiyo wamekamilika.

Jumapili yake ya kwanza kurudi kanisani, Glenda aligundua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu kiti cha magurudumu. Mtu akisimama mbele yako, unachokiona ni kiuno chake. Watu walikuja mmoja mmoja kumsalimu, mashati ya Jumapili yameachwa nje, na chini ya kila shati kulikuwa na uvimbe ule anaoujua. Walipoinama kumkumbatia, shati likapanda juu, mpini ukatokeza. Alihesabu kumi na moja kabla wimbo wa kwanza haujaanza. Alianza kutokwa jasho. Kipande cha paja la kushoto kilichobaki kikaanza kuuma, pale pale mkanda ulipokaa.

Mchungaji akamwita Dwight mbele, akamkabidhi ubao wa mti wenye maandishi ya dhahabu, kumshukuru kwa utulivu na utayari. Watu wakasimama wakapiga makofi. Kisha kipaza sauti kikaletwa kwa Glenda alipokaa, ili naye aseme neno. Dwight alimtazama kutoka madhabahuni, rangi imemtoka, na Glenda akaiona hofu yake, hofu ya kitoto kabisa. Akasema anawashukuru kwa chakula na kwa njia ya mbao. Akarudisha kipaza sauti.

Ndani ya gari Shawna alimwambia kwa hasira kwamba angesema kitu, angalau angesema hataki kuziona hizo bastola. Glenda akamjibu asijali. Baba yako kiunoni hana kitu, akasema, wewe hukumtazama? Mimi nilimtazama. Ni yeye peke yake asiyekuwa nayo. Alisema hivyo kwa fahari.

*

Mwezi uliofuata Cody Mabry alikuja nyumbani. Cody ni askari wa sherifu, na miaka kumi na mitano iliyopita alikuwa yule mtoto aliyerudi kwenye foleni mara ya pili kuomba viazi, na Glenda akampa. Alisimama sebuleni kofia mkononi, akijitahidi kutolitazama shuka la maua.

Alisema, Bi Glenda, mwendesha mashtaka amelifunga jalada. Ni ajali, hakuna kesi. Dwight akashusha pumzi, Glenda pia. Cody akaendelea kwamba kwa kuwa hakuna kesi, ile bastola sasa ni mali ya mwenyewe, na mwenyewe ana siku thelathini za kuja kuichukua. Siku hizo zikipita, wataiharibu.

"Basi iharibuni," Glenda akasema.

Dwight akakubali, ndiyo, iharibiwe. Atakwenda kusaini wiki hii ili waiharibu. Cody alikuna kisogo. Akasema hakuna haja ya kusaini ili iharibiwe. Ni kutokwenda tu. Anayesaini ni anayeichukua. Alisema hivyo akitazama kofia yake, kisha akaaga.

Glenda alikuwa na kalenda jikoni, ya benki, yenye picha za farasi. Akaanza kukata siku kwa kalamu. Hakumwambia Dwight kitu, ila Dwight aliziona zile alama kila alipokwenda kuchukua maziwa. Shawna alipopiga simu jioni swali la kwanza lilikuwa ni siku ngapi zimebaki. Siku ya kumi. Siku ya kumi na tano. Kuna wakati Merle alikuja, wakakaa barazani yeye na Dwight, na kupitia dirishani Glenda akasikia vipande: mwanamume, nyumba, hali yake ile, Ndugu Dwight fikiria. Merle alipoondoka Glenda alimuuliza mumewe wanazungumza nini. Dwight akasema mambo ya kikosi. Siku ya ishirini. Dwight akawa mwepesi wa kuosha vyombo, mwepesi wa kumsugua mgongo, na Glenda alipokuwa anamshukuru Dwight hakumtazama machoni.

Siku ya ishirini na sita usiku mbwa wa jirani walibweka. Asubuhi Dwight alisema hakulala.

Siku ya ishirini na saba alisema anakwenda kununua mkate. Duka la mkate ni dakika sita. Alikaa saa mbili, akarudi bila mkate.

Glenda alikuwa jikoni, kiti kimeegeshwa mezani, anamenya viazi. Dwight akasimama mbele yake, shati limeachwa nje. Glenda hakuhitaji kuuliza. Ilikuwa mbele ya macho yake kabisa, nafasi ile ile.

Akaweka kisu chini. Akamwambia aliapa. Alimshika mkono hospitalini, akamtaja Mungu, akaapa.

Dwight akasema anajua. Akavuta kiti akakaa, ili wawe sawa, na akaanza kusema polepole, kama mtu aliyejifunza maneno njiani. Gari la wagonjwa lilichukua dakika kumi na nane. Askari wakiitwa huku wanachukua arobaini, Cody mwenyewe anakiri. Hakuna anayekuja, Glenda. Siku ile nilijifunza hivyo, hakuna anayekuja. Lile koti amelichoma. Ala amenunua mpya, inayofunga kwa kufuli, ataivua nayo nzima nzima, hataichomoa tena peke yake hata siku moja.

"Hakuna mtu aliyekuja kutudhuru," Glenda akasema. "Miaka yote hii. Aliyenipiga risasi ni wewe."

"Najua ni mimi. Unadhani silali kwa sababu gani?" Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini zamani ungeweza kukimbia. Sasa mtu akivunja huo mlango utafanya nini? Utamrushia viazi?"

Haikuwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli, na macho yamejaa machozi. Glenda akamwambia afadhali avunjiwe mlango. Akamwambia kwamba kanisani alijivuna kwa ajili yake, alihesabu viuno vyote akafika kwake akakuta pako wazi, na kwamba hajawahi kumpenda kama Jumapili ile. Akamwambia kuna siku tatu bado, arudi sasa hivi ofisi haijafungwa, aiache pale pale mezani kwa Cody, na hatasema kitu tena maisha yake yote.

"Nakuomba, Dwight," akasema.

Dwight akasema kwa upole, bila hasira hata chembe, na hiyo ndiyo iliyoua:

"Nilishakusikiliza mara moja. Uliniomba nilegeze, nikalegeza. Ni wewe uliyetufundisha, Glenda. Ukimpenda, usimsikilize."

Maneno yalikuwa ya Glenda, neno kwa neno, na mguu haupo. Aliviangalia viazi alivyokwisha menya, vilikuwa vinaanza kuwa vyeusi, akavitia kwenye maji.

Saa tisa ilifika. Saa tisa ni lazima alale kidogo, la sivyo kipande cha paja kilichobaki kinavimba. Ndivyo daktari alivyoagiza, na Dwight hajawahi kukosa. Akamsukuma mpaka chumbani, akafunga breki za kiti, akainama. Glenda akazungusha mikono yake shingoni mwa mumewe, kama kila siku, maana njia nyingine ya kufika kitandani hana. Dwight akamnyanyua. Ala mpya ilikuwa ngumu, ikamgandamiza pale paja linapoishia, akauma meno mpaka alipolazwa. Dwight akampandisha mto, akamfunika, akauliza kama yuko sawa hivyo.

"Niko sawa," Glenda akasema. "Asante."